Sabufa Niliyoijenga Ndani ya Mzinga wa Nyuki

Watu wa Runazi wakitaka kunichokoza huniuliza kama sabufa yangu imeshatoa asali. Nawajibu kwamba imetoa, tena debe zima, na wao hawatalamba hata kidole. Ndivyo nilivyo. Mtu akinitania namrudishia, na akiniambia jambo fulani haliwezekani, basi amenipa kazi ya kufanya mpaka liwezekane.

Sabufa yenyewe niliijenga kwa sababu ya baba yangu. Sisi ni Wasubi, na nyumbani tunamwita Tata. Mama alipofariki nilimchukua Tata kutoka Kaniha, alikokuwa akilima na kufuga nyuki tangu ujana wake, nikamleta kwangu Runazi. Mimi nafundisha shule ya msingi, mume wangu ana duka dogo hapo barabarani. Tata alikuja na jembe lake, kigoda chake, na masikio ambayo yalikuwa yameshaanza kumwacha. Mwanzoni ilitosha kupaza sauti. Baadaye ikabidi nipige kelele kwenye sikio la kushoto, maana la kulia lilikuwa limefunga kabisa. Daktari alisema ni uzee na hakuna dawa.

Sisi nyumbani ni watu wa filamu. Baada ya chakula cha jioni tunakaa sebuleni kuangalia zile zilizowekewa Kiswahili, ambamo mtu mmoja anasema sauti za wote: wanaume, wanawake na hata mbwa. Tata alikuwa akikaa nasi, akicheka tunapocheka, hata kama anachelewa kidogo. Halafu jioni moja akainuka katikati ya filamu. "Hawa wanachezesha midomo tu," alisema, akabeba kigoda chake akaenda kukaa uani karibu na jiko. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Ikawa ndiyo tabia. Sisi tunacheka ndani, yeye yuko nje peke yake ametupa mgongo, na mimi kila nilipocheka nilijiona mwizi.

Nilitaka arudi sebuleni. Sikuwa na haja nyingine zaidi ya hiyo.

Njia niliiona kwenye harusi ya jirani. Walikuwa wamekodi muziki kutoka mjini Biharamulo, maspika marefu kunizidi mimi, yamepangwa chini ya turubai. Tata alikuwa amekaa karibu nayo kwa sababu kwake kote ni kimya tu. Muziki ulipofunguliwa nilimwona akishtuka, akaweka kiganja kifuani, akanitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilipomfikia alikuwa anatabasamu mpaka meno yale matatu ya mbele yanaonekana yote.

"Hii naisikia!" aliniambia. "Inanipiga hapa."

Sikuonja hata pilau ya watu. Nilirudi nyumbani nikiwa nawaka, nikamwambia mume wangu kwamba tunahitaji besi. Siyo sauti kubwa, maana sauti kubwa tulikuwa nayo na majirani walishalalamika. Besi, ile inayogonga kifua. Mume wangu aliniangalia kwa upole kama anavyomwangalia mteja anayeomba kitu ambacho dukani hakipo.

Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi redio pale senta. Sabufa kubwa za dukani nilishaziulizia bei nikaondoka bila kuaga. Nilimuuliza fundi kama mtu anaweza kujitengenezea. Alicheka, kisha akaona sicheki. Huyu fundi ni mtu mwema ila anapenda kuongea kama mhubiri. Akanieleza kwamba spika ya besi peke yake ni bure, inataka sanduku. Sanduku liwe zito, lisitetemeke, lisivuje hewa hata tundu la sindano, isipokuwa njia moja tu ya upepo ambayo umeiweka mwenyewe kwa makusudi.

"Likivuja, mwalimu, utasikia kitu kama mzee anakohoa," alisema.

Chini ya meza yake alikuwa na spika ya inchi kumi aliyoitoa kwenye gari bovu. Koni yake ilikuwa nzima, sumaku yake nzito kama jiwe la kusagia. Nilipoibonyeza taratibu kwa vidole ikaingia ikarudi, nikahisi nywele zinanisimama. Nikaibeba nyumbani kwenye kanga niliyovaa begani, na wanafunzi wangu walionikuta njiani wakaniamkia huku wakichungulia ni mtoto wa nani.

Tatizo likawa sanduku. Mbao za hapa kwetu zinauzwa bado mbichi, ukizigonga misumari leo, wiki ijayo zimejikunja na mwanga unapita. Nilitengeneza sanduku la kwanza kwa mbao hizo. Lilikohoa. Nikatengeneza la pili kwa plaiwudi nyembamba, likatetemeka kama mtu mwenye homa. Mume wangu akaanza kunishauri nipumzike, na ushauri wake ndio ulionitia hasira za kuendelea.

Mwezi wa tisa tulikwenda Kaniha, mimi na Tata, kuandaa shamba la maharage. Nyuma ya nyumba ya zamani ilikuwapo mizinga yake imelala ukutani. Mizinga ya kwetu ni magogo: unachukua kipande cha mti mgumu, unakikomba ndani kinabaki mviringo mtupu, kisha unakiwekea mfuniko huku na mfuniko huku. Nilikaa juu ya mmoja kula muhogo. Nikagonga kwa kisigino, ukaitika kwa sauti nene. Nikasimama haraka mpaka muhogo ukaanguka. Nikapima mdomo wa gogo kwa shubiri yangu. Spika ya inchi kumi ingeingia pale na ukingo ungebaki. Gogo zito, halitetemeki, limekauka miaka mingi juu ya miti. Nilikuwa nikihangaika na mbao mbichi kumbe sanduku langu lilishachongwa kabla sijajua kusoma!

Kumwomba ndiyo ilikuwa kazi. Kwetu mwanamke hakuwa anashika mzinga. Nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kuusogeza tu. Nilimpigia Tata kelele kwenye sikio la kushoto nikieleza, na sikutaja kwamba sabufa ni kwa ajili yake, nikijua atakataa. Alitazama mizinga, akanitazama mimi.

"Rete mkono hapa," alisema. Tata anasema r mahali pa l, na mimi ninayewasahihisha watoto wa watu darasani kutwa nzima sijawahi kumsahihisha. Akaupitisha mkono wangu juu ya gogo moja lenye ufa. "Huu umepasuka. Chukua huu. Mimi kupanda siwezi tena, na nyuki siwasikii. Mfuga nyuki anagonga mzinga anasikiriza. Mimi nitasikiriza nini?"

Nikauchukua. Uliletwa Runazi kwa pikipiki, umefungwa kwa mipira, dereva akilalamika njia nzima.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kuunda kitu. Natoka shuleni, navua viatu, nakwenda moja kwa moja uani. Seremala alinikatia vibao viwili vinene vya duara. Kimoja nikakitoboa nafasi ya spika, kingine nikakitoboa tundu la kupitishia kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, ndiyo njia ya upepo aliyosema fundi. Nikafunga spika kwa skrubu nane. Nikapitisha waya. Likabaki suala la ule ufa, na nyufa nyingine ndogo kama kumi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa mfuga nyuki peke yake angelifanya. Gundi ya mbao ilikuwa imeisha dukani. Lakini ndani ya mzinga mwenyewe kulikuwa na nta ya zamani imegandia, na nyumbani Tata alikuwa na donge lingine ameliweka kwenye kopo. Nikajiambia, nta ndiyo iliyoziba mizinga miaka yote. Nikaiyeyusha kwenye sufuria ya uji, nikaisiliba ndani na nje, kila ufa, kuzunguka vifuniko, kuzunguka bomba. Nilisiliba kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa bure. Nyumba nzima ikanukia asali na moshi. Mume wangu akasema harufu inamuumiza kichwa, kwa hiyo nikaliweka gogo nje barazani juu ya matofali mawili, tundu la bomba likitazama mawio ya jua, nikaondoka zangu kusubiri bodi ya amplifaya ambayo fundi alikuwa ameiagiza kutoka mjini.

Nilisubiri siku nane. Mwezi wa kumi, miombo inachanua, na mimi nimeacha mzinga mkavu uliopakwa nta, mdomo wazi, unatazama mashariki. Baba yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo kila mwaka, ila yeye alikuwa akifanya makusudi.

Bodi ilifika Jumamosi asubuhi. Nilikimbia nayo kutoka senta. Niliona nyuki wachache barazani, nikadhani wamefuata harufu. Nikaunganisha nyaya kwa haraka, nikapiga magoti nikaweka sikio karibu na spika, na nikasikia. Mngurumo. Mzito, wa chini, unaotoka ndani kabisa ya gogo, unaopanda mpaka kwenye meno. Nilipiga kelele.

"Inaunguruma! Njoo usikie, inaunguruma!"

Mume wangu alitoka mlangoni akiwa ameshika plagi mkononi.

"Sijachomeka bado," alisema.

Tukaangaliana. Nyuki wa kwanza alinipiga kwenye mdomo wa juu, wa pili kwenye sikio, na sikumbuki niliruka ua vipi nikiwa na sketi ile. Kuku walikimbilia jikoni. Mume wangu alifunga mlango akiwa ndani na plagi yake. Jirani wa kulia alipaza sauti kwamba nimwage mafuta ya taa nichome, wa kushoto akasema nimwage maji ya moto. Spika yangu ilikuwa mle ndani na bodi ilikuwa imelala juu ya gogo, na mimi mdomo umevimba siwezi hata kuwatukana vizuri.

Tata alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakuwa amesikia chochote. Aliona tu kuku wanakimbia, kisha akaniona mimi, kisha akaona nyuki wanazunguka. Aliinuka. Hakukimbia wala hakuvaa kitu chochote. Alikwenda taratibu kwa upande, akalifikia gogo kwa nyuma na kuweka kiganja juu yake. Akakaa hivyo kwa muda. Nyuki walikuwa wakimtembelea mkononi naye hawajali. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mabega yakitingishika, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama.

"Wamejaa!" alisema. "Wamejaa mpaka huku! Nani arikwambia upake nta?"

Jioni ile, jua likizama, alituongoza kama kijana. Mume wangu alikuwa ameshakwenda Kaniha mchana akarudi na mzinga mwingine mzima. Tata aliwasha magunzi ya mahindi kwenye chungu, akapulizia moshi, akanipa mimi kile chungu nishike. Mimi, mwanamke. Niliangalia usoni kwake kama amesahau, lakini hakuwa amesahau, alikuwa anahitaji mtu wa moshi na mtu wa moshi nilikuwa mimi. Nilifungua skrubu nane. Ndani nyuki walikuwa wameshajenga masega meupe, madogo, na moja walilibandika kwenye sumaku ya spika yangu. Tata aliyatoa moja moja kwa mikono mitupu, akawakung'uta kwenye mzinga mpya, akamtafuta mama yao mpaka akampata. Hakuwa anasikiliza. Kila baada ya muda aliweka kiganja kwenye gogo, kisha kwenye mzinga mpya, akijua kwa mkono wengi wako upande gani. Walipokwisha kuhama tukautundika mzinga kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, na uko huko hadi leo.

Jumatatu nilikwenda kufundisha nikiwa na mdomo wa juu kama andazi. Darasa la tano walinivumilia mpaka nilipotaka kusema "penseli".

Nilianza upya, na safari hii kwa adabu. Niliikwangua nta yote kwa kisu, nikaziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, nikaweka wavu wa dirisha kwenye mdomo wa bomba. Spika niliisafisha kwa mswaki laini, nikichomoa vipande vya sega kwenye sumaku kwa kibanio cha nyusi. Mtihani wa mwisho wa muhula ukaingia katikati, kisha Krismasi, kisha umeme ukasumbua. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kwanza, mchana, baada ya ibada, ndipo tulipoliingiza gogo sebuleni na kulilaza chini ya televisheni. Majirani walijaa. Walikuja kuona nyuki zaidi ya filamu, na hawakuficha.

Nilimfuata Tata uani, nikamshika mkono nikamwongoza mpaka kwenye kiti cha plastiki, cha kwanza kabisa, miguu yake karibu inagusa gogo. Hakupinga, lakini alikaa ukingoni kama mgeni atakayeondoka sasa hivi. Mume wangu akachomeka. Nikapandisha taratibu ile swichi ya besi.

Jamani! Mlango wa kabati ulitetemeka. Vikombe vilisogea vyenyewe kwenye sinia. Gari lilipopinduka kwenye filamu, jirani wa kushoto alishika kichwa, na mtoto wa mtu akaanza kulia, na watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu mwenyewe nikirukaruka kama niliyefunga goli. Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilikuwa nene, imetulia, inapanda kutoka sakafuni kupitia kwenye nyayo. Mzinga uliopasuka, spika ya gari bovu, na bomba la maji machafu!

Kisha nikamtazama Tata. Alikuwa ameangalia televisheni uso mkavu, mikono juu ya magoti. Hakuweka kiganja kifuani, wala hakunitafuta kwa macho. Nikapandisha besi zaidi. Hakuna. Watu wakasema imetosha, mwalimu, utatubomolea nyumba, lakini mimi nilikuwa namwangalia yeye tu, na furaha yote ilikuwa inanishuka. Nikaanza kujilaumu. Labda ilikuwa lazima iwe kubwa kama ile ya harusini. Labda masikio yameshuka zaidi tangu siku ile, na mimi nimetumia miezi minne kujenga kitu cha kuwafurahisha majirani.

Filamu ikafika mahali ambapo jangwani kunakusanyika dhoruba. Wingu jeusi, watu wanafunga mizigo. Ngurumo ya kwanza ikatoka kwenye gogo, ya mbali, ya chini, ile inayoanza kabla hujajua kwamba imeanza.

Tata akainuka. Hakumwangalia mtu, akapita katikati ya magoti ya wageni, akasukuma mlango akatoka. Kiti chake kikabaki kitupu mbele ya televisheni. Mume wangu akanipunguzia sauti bila kuambiwa. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga teke gogo. Nikamfuata nje nikiwa tayari kumwomba msamaha kwa kumlazimisha.

Nilimkuta uani ameinama. Yalikuwa maharage ya kwanza ya msimu, tumeyaanika juu ya turubai mbili tangu asubuhi, na jua lilikuwa linawaka hakuna wingu hata moja mpaka Burundi. Tata alikuwa amekunja pembe za turubai ya kwanza na anaiburuta kuelekea ghalani kwa nguvu zake zote, akihema, maharage yakimwagika nyuma yake. Aliponiona nimesimama tu mlangoni alikasirika kabisa.

"Mvua inakuja na nyinyi mmekaa ndani!" alinifokea. "Hamsikii?"

Nikaenda nikashika pembe ya pili.

"Tumesikia, Tata," nilimpigia kelele sikioni, na tukaanza kuingiza maharage.